Barua ya Wazi kwa Matajiri wa Mitumbwi wa Kashikishi: Alasiri ya Jumapili ni Haki ya Mvuvi na Mtoto Wake

Kwa Waheshimiwa matajiri wa mitumbwi, nyavu na taa, pamoja na wanunuzi wakubwa wa samaki, wa Kashikishi na wa fuko zote za Ziwa Mweru katika wilaya ya Nchelenge.

Wazee wetu,

Nawaandikia katika mwezi huu wa Februari, wakati ambapo uvuvi umefungwa kwa amri ya serikali tangu tarehe 1 Desemba, mitumbwi imepinduliwa mchangani, nyavu zimetundikwa, na kila mtu, tajiri na mfanyakazi, anahesabu siku zilizobaki hadi tarehe 1 Machi ziwa litakapofunguliwa. Nimeuchagua wakati huu kwa makusudi, maana mtu aliye mbioni hana nafasi ya kusoma barua, na ninyi katika miezi ya kazi mko mbioni usiku na mchana.

Ombi langu ni moja, nalo nalitaja mapema ili asiwepo atakayedhani nimelificha nyuma ya maneno mengi. Nawaombeni, tangu ziwa litakapofunguliwa, msimwite mvuvi wala mtoto wa mvuvi ufukoni siku ya Jumapili baina ya adhuhuri na kuzama kwa jua, iwe kushona nyavu, kutengeneza taa, kuziba mtumbwi au kubeba magunia. Bali saa hizo ziwe zao, kwa kuwa ndizo saa ambazo watoto wetu hucheza, wavulana mpira wa miguu na wasichana netiboli, na ambazo baba na mama zao wangeweza kusimama kando ya uwanja wakawatazama. Mimi sina cheo. Ni mzazi, na ni mmoja wa wale wanaonunua chisense, wale samaki wetu wadogo, kwa magunia na kuuza mbali na hapa, kwa hiyo mkate wangu nao hutoka katika vyombo vyenu, wala siandiki kama mtu wa pembeni.

Wanaoishi mbali na ziwa hudhani kwamba mvuvi hufanya kazi usiku na kupumzika mchana, na kwa dhana hiyo humhesabu kuwa mtu mwenye nafasi. Hasha. Katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, vyombo huondoka jua linapozama, taa zikawashwa katikati ya ziwa ili chisense wakusanyike chini ya mwanga, wavu ukateremshwa na kuvutwa, ukateremshwa na kuvutwa, mpaka alfajiri. Kisha samaki wapakuliwe, wapimwe, wagawanywe, na mvuvi afike nyumbani jua limekwisha panda na watoto wamekwisha kwenda shule. Hulala mpaka adhuhuri au karibu yake, huamka akala, na saa tisa, wakati ule ule watoto wanapovua sare na kuutafuta mpira, yeye huitwa ufukoni kwa sababu wavu umepasuka na taa zahitaji kutazamwa kabla ya magharibi. Mkewe tangu asubuhi yuko mchangani akianika chisense na kuwageuza juani, na akiona wingu limesimama upande wa Kongo huacha kila kitu akimbilie kuwaanua, maana mvua ya muda mfupi huweza kuharibu kazi ya usiku mzima. Basi baba, mama na mtoto huishi katika nyumba moja, lakini hukutana kama abiria katika kituo cha basi. Mbalamwezi inapokuja, taa hupoteza nguvu yake na vyombo hupumzika. Walakini mwezi haufuati juma la shule wala ratiba ya michezo, na aghalabu siku hizo zenyewe hutumiwa kwa matengenezo yaliyolimbikizwa, hata ile rehema iliyotoka mbinguni ikageuzwa kuwa zamu nyingine ya kazi.

Najua jibu la baadhi yenu, kwa kuwa nimelisikia sokoni na kanisani: kwamba kumtazama mtoto akicheza ni anasa ya watu wa mjini wenye mishahara ya mwezi, na kwamba baba zetu waliishi bila jambo hilo wala hawakulilalamikia. Kwa jibu hilo ndipo ninapoomba subira yenu, maana habari za baba zetu sivyo zilivyo. Baba zetu walidai ujira wa kumwezesha mtu kukaa na jamaa yake na kubakiwa na saa ambazo si za bwana wake, na miongoni mwao wako waliouawa kwa kudai hivyo, tena wakauawa katika uwanja wa mpira.

Tangu migodi ya Katanga ilipoanza kuchimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na ile ya Ukanda wa Shaba ikafuata katika miaka ya 1920, bonde la Luapula lilitoa vitu viwili: watu na samaki. Watu walivuka mto wakaenda kuandikishwa. Samaki walinunuliwa na wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, ng'ambo yetu, wakapelekwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga. Kwa hiyo mvuvi wa Mweru na mchimbaji wa Katanga walikuwa tangu mwanzo watu wa sufuria moja, hata kama hawakuonana kwa macho. Na lugha hii ninayowaandikia, iliyokwisha kufika huku zamani pamoja na misafara ya pwani, ndiyo iliyopata kuwa lugha ya kambi za wachimbaji, na kutoka huko ikaturudia katika vinywa vya wajomba na babu zetu waliorejea na baiskeli, na mablanketi, na kifua kibovu.

Kampuni ile, iliyochoka kuwapoteza watu waliokuja kwa miezi michache na kurudi makwao, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu, na kuwaruhusu, hata kuwahimiza, wakae kambini na wake zao na watoto wao. Ikatoa posho ya mke na posho ya mtoto, zahanati, shule na viwanja vya michezo. Sipendi kuudhulumu ukweli: wako watoto waliopona kwa zahanati zile ambao vijijini wangalizikwa, na wako waliojifunza kusoma ambao vinginevyo wasingalisoma. Lakini kampuni haikuitunza familia kwa ajili ya familia. Iliitunza kwa kuwa mtu mwenye mke na watoto hatoroki, na kwa kuwa mtoto aliyekulia kambini ni mfanyakazi wa kesho asiyehitaji kutafutwa vijijini. Mchezo nao uliingia katika hesabu hiyohiyo. Mwaka 1939 watawa wa Kibenedikto walianzisha mjini Élisabethville Saint-Georges, klabu ambayo leo Afrika nzima huijua kwa jina la TP Mazembe, na mwaka huohuo ikazaliwa Saint-Éloi Lupopo miongoni mwa watu wa reli. Vijana walicheza, wazee wakashangilia, na wakubwa wakaona kwamba mtu anayeshangilia Jumapili huamka Jumatatu bila manung'uniko.

Manung'uniko yalikuja hata hivyo. Vita vya pili vya dunia vilipandisha bei ya vitu, shaba ikatakiwa kuliko wakati wowote, na ujira ukabaki nyuma. Tarehe 3 Desemba 1941 wachimbaji walianza kugoma wakitaka malipo ya siku yapande kutoka faranga 1.50 hadi faranga 2, na kufikia tarehe 9 mgomo ulikuwa umeenea katika machimbo yote ya kampuni. Huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, askari waliwaua watu 15. Huko Élisabethville wagomaji, na kiongozi wao Léonard Mpoyi pamoja nao, waliitwa uwanjani kwa mashauriano. Wakaahidiwa mambo kadha wa kadha, mojawapo likiwa nyongeza ya asilimia 30, nao hawakuridhika, kwa kuwa walikuwa wametaja kiasi wanachokitaka na sababu ya kukitaka. Ndipo Gavana wa Katanga, Amour Maron, alipompiga Mpoyi risasi akamwua, kisha akawaamuru askari wawafyatulie waliobaki. Hesabu ya serikali ilitaja wafu kama 30. Hesabu nyingine hutaja baina ya 60 na 70. Siku iliyofuata watu walirudi kazini.

Nawaombeni msilipite jambo hili haraka, maana ndilo lililonifanya niandike. Uwanja uliotengenezwa ili mfanyakazi apumzike na kuisahau dhiki yake ndio uliotumiwa kumkusanya mahali pamoja ili iwe rahisi kumwua. Na mke wa mtu aliyekufa pale alipoteza kwa siku moja mume, nyumba na posho, kwa kuwa nyumba na posho vilifuata kazi ya mume. Kila mara ninaposikia mtu akisema kwamba mpira ni jambo la watoto na kazi ni jambo la watu wazima, kana kwamba viwili hivyo havijapata kujuana, nawafikiria wale watu wa Katanga, miongoni mwao ndugu wa watu wa mto huu, walioingia uwanjani wakiamini kwamba wanakwenda kuzungumza.

Upande wetu wa mpaka mambo hayakuwa mepesi zaidi. Tarehe 22 Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira waligoma baada ya kusikia kwamba kodi ya kichwa katika miji ya migodi imepandishwa kutoka shilingi 12 na peni 6 hadi shilingi 15. Nkana wakafuata, kisha Luanshya tarehe 29, ambako askari walifyatua risasi na watu sita wakafa. Tume iliyoundwa kuchunguza, chini ya Sir Alison Russell, ilisikia habari nyingi za ngoma ya Mbeni, ngoma ile ile ya beni iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Uswahilini, Lamu na Mombasa, ikasafiri na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ikafika migodini na wafalme wake, majemadari wake na madaktari wake. Watawala walikuwa wameiona kama mchezo wa watu wasio na la kufanya. Kumbe wafanyakazi walikuwa wamepata ndani yake utaratibu wa kuchaguana, wa kupashana habari kutoka mgodi hadi mgodi, na wa kusaidiana katika ugonjwa na maziko, wakati ambapo chama cha wafanyakazi Waafrika hakikuwapo wala hakikuruhusiwa. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kuwaonyesha watu kwamba saa ya mapumziko ndiyo saa ambayo mfanyakazi hukutana na mwenziwe akiwa mtu, wala si namba katika daftari. Mwaka 1940 waligoma tena, na Nkana pakafa watu 17. Mwaka 1949 hatimaye kikaundwa chama cha wachimbaji Waafrika, rais wake akiwa Lawrence Katilungu, na mwaka 1955 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 58. Siku 58 bila mshahara, wazee wetu. Hesabuni ni milo mingapi mama wa nyumba zile walitafuta pa kuitoa, na muone kama habari za haki za wafanyakazi zaweza kuandikwa bila kuwataja wake na watoto wao.

Baada ya hapo viwanja vya migodi vikawa vyetu kwa maana nyingine. Mufulira Wanderers, Nkana, Roan United na wenzao walilelewa kwa fedha ya migodi, na nyumba nyingi za Ukanda wa Shaba zilikuwa na desturi ambayo mimi naitamani hapa: zamu ya baba ikiisha, jamaa nzima huenda uwanjani, mama amebeba karanga, na mtoto mdogo anasubiri mechi ya watoto wenziwe. Migodi ilipouzwa kwa makampuni binafsi, kati ya 1997 na 2000, klabu nyingi zilipungukiwa na mkono uliozilea, na watu wa kule walilia. Nasi hapa Kashikishi hatukuwa na cha kulilia, kwa sababu hapakuwa na kampuni iliyotujengea uwanja. Hapa kampuni ni ninyi. Mmoja ana mitumbwi miwili, mwingine saba, mwingine ana mtumbwi mmoja na deni. Lakini mkikusanywa pamoja, saa za mji huu zimo mikononi mwenu, kama zilivyokuwa saa za Luanshya mikononi mwa wenye mgodi.

Mtaniambia kwamba wale walikuwa waajiriwa, na hawa wa kwenu ni washirika, kwa sababu mvuvi halipwi mshahara bali hupata fungu lake katika samaki walionaswa. Hoja hii naijua, nami siichezei, kwa kuwa kuna heshima katika ushirika wa kweli. Lakini mshirika ni mtu anayejua mafuta yaligharimu kiasi gani kabla hayajatolewa katika hesabu, anayeweza kusema leo siendi kwa sababu mwanangu anaumwa, na ambaye wavu ukipotea haambiwi alipe peke yake. Yule asiyeweza lolote katika hayo ni mfanyakazi, hata akiitwa ndugu. Na mfanyakazi, kwa sheria ya Zambia ya ajira ya mwaka 2019, ana juma la kazi lisilozidi saa 48 za kawaida, na zinazozidi hapo ni kazi ya ziada inayolipwa kwa kiwango cha juu zaidi; tena sheria hiyohiyo imempa baba aliyepata mtoto siku tano za likizo, jambo ambalo baba zetu wa kambini wasingaliliota. Siandiki haya kuwatisha kwa maafisa wa kazi. Naandika ili mjue kwamba ninachokiomba hakijafika hata nusu ya kile ambacho sheria imekwisha mpa mtu anayefagia ofisi mjini Mansa.

Wala jambo hili si geni duniani. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani, na miaka miwili baadaye, mwaka 1921, likapitisha mkataba wa mapumziko ya kila juma. Tamko la haki za binadamu la mwaka 1948 limeweka mapumziko na wasaa wa kustarehe katika kifungu chake cha 24, na mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao Zambia iliuridhia mwaka 1991, umesema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Watu walioandika hayo hawakuwa watoto. Walikuwa wametoka katika vita na viwanda, wakajua kwamba kisichoandikwa huchukuliwa na mwenye nguvu.

Hapa nafika kwenye neno lililo zito kuliko yote, nami nitalisema bila kulizungusha. Baadhi ya watoto wanaokosekana uwanjani Jumapili hawakosekani kwa sababu wamelala. Wako ufukoni wakibeba maji, wakichambua nyavu, wakigeuza chisense. Na wako wengine, wenye umri wa kuwa darasani, wanaopanda chomboni usiku kuchota maji yanayoingia na kushika taa. Sheria yetu haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 15 kuajiriwa, na kazi ya hatari imekatazwa kwa kila aliye chini ya miaka 18. Na ikiwa ziwa la usiku, lenye tufani isiyotoa taarifa na mamba kandokando yake, si mahali pa hatari, basi sijui hatari ni nini. Ongezeni juu ya hayo kwamba wilaya yetu ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi kupita kiasi katika nchi nzima, na kwamba mtoto anayekesha ufukoni hajalala chini ya chandarua. Waulizeni wauguzi wa hospitali ya St Paul's. Najua kuwa si kila mara tajiri ndiye amwitaye. Mara nyingine ni baba mwenyewe amletaye mwanawe ili fungu liongezeke, kwa kuwa fungu ni dogo. Hilo nalo halimtoi tajiri katika lawama, maana ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nani apande chomboni mwake.

Nimewasikia wazazi wakisema kwamba watamwachia mtoto acheze kama kuna faida ndani yake, na katika miaka hii faida imepata sura na jina. Timu ya taifa ya wanawake ilipofika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na Racheal Kundananji aliponunuliwa na klabu ya Bay FC ya Marekani mwezi Februari 2024 kwa bei iliyokuwa kubwa kuliko zote katika mpira wa wanawake hadi siku hiyo, hata baba waliokuwa wakiwafukuza binti zao uwanjani walianza kuwanunulia viatu. Nami nilifurahi pamoja nao. Lakini furaha hii nayo ina kona yake ya giza: mtoto akianza kutazamwa kama mtumbwi mpya utakaolipa madeni ya nyumba, mchezo umegeuka kuwa ajira, na yeye amerudi kulekule tulikotaka kumtoa. Katika watoto wanaocheza Kashikishi jioni moja, walio wengi kabisa hawatanunuliwa na mtu. Watakuwa wavuvi, walimu, mafundi, mama wa nyumba, wauguzi. Ninachotaka wapate uwanjani ni kile ambacho hakihitaji kipaji: kupangwa katika timu na kujifunza kwamba mwenzio akianguka unamwinua, kushindwa mbele ya watu na kurudi juma lijalo, na zaidi ya hayo, kuinua macho na kumwona baba amesimama pale, hana la kufanya ila kumtazama yeye.

Jambo hili la mwisho nimeliona kwa macho yangu, katika miezi hii mitatu ya kufungwa kwa ziwa. Baba ambao kwa miezi tisa hawaonekani wamekuja uwanjani, mvua ikiwa imeacha, wakasimama na mikono nyuma kama watu walioalikwa arusini bila kujua wakae wapi. Na watoto wao wakacheza kwa namna nyingine kabisa. Mtoto aliyezoea kugombana na mwamuzi alinyamaza. Msichana aliyekuwa akijificha mwisho wa mstari aliuomba mpira. Watoto wa ndugu zetu waliokimbia vita Kongo mwaka 2017, ambao wengine wamepata makao katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala na wengine wanaishi kati yetu, walikuwapo wakiitana kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kibemba, na wazazi wa pande zote mbili walisimama mstari mmoja wakazungumza, watu ambao sokoni husalimiana kwa bei tu. Yote hayo yalitokea kwa sababu moja ambayo haikugharimu kitu: hapakuwa na mtu wa kumwita baba ufukoni saa tisa.

Sasa nitazame upande wenu wa hesabu, kwa kuwa insafu yataka hivyo. Chombo chenu hakitapoteza usiku hata mmoja kwa ombi hili. Chisense hawavuliwi saa kumi alasiri. Huvuliwa gizani, na jua la kwetu likizama mvuvi aliyetoka uwanjani atakuwa amefika ufukoni kama kawaida, pengine akiwa mwepesi wa mikono kuliko siku nyingine. Kinachohitaji kuhamishwa ni matengenezo tu. Nyavu za Jumapili zishonwe Jumamosi, au katika siku za mbalamwezi, na kwa siku hizo nazo pangeni saa za asubuhi ili jioni ibaki. Wasabato walio miongoni mwenu hawashushi chombo tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi linapozama tena, usiku mzima na mchana mzima, nao wapo, wanajenga, wanasomesha, ziwa halijawaadhibu. Mimi naomba saa sita hivi za mchana. Wanunuzi nao, ambao malori yao husubiri barabarani na ambao haraka yao humfikia mwanamke anayeanika, wakubali kwamba siku hiyo mzigo hupakiwa asubuhi au Jumatatu. Nikiwa mmoja wao, nimekwisha kukubali.

Zaidi ya hapo nawaomba kila mmoja aandike katika karatasi, kwa lugha ambayo mvuvi wake aweza kuisoma au kusomewa, fungu lake ni kiasi gani, gharama zipi hutolewa kabla, nani hubeba hasara ya wavu, na kwamba alasiri ya Jumapili ni yake. Wachimbaji walichukua miaka kumi na minne, kutoka mgomo wa 1935 hadi chama cha 1949, kupata mtu wa kuketi naye mezani. Sisi tunajuana kwa majina, tumezikiana wazee, na wengi wenu mlianza kwa kuvuta wavu wa mtu mwingine. Haifai tuchukue muda mrefu hivyo, wala haifai tungoje damu.

Napendekeza tukutane ufukoni Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe 1 Machi, asubuhi baada ya ibada, machifu wetu au wajumbe wao wakiwapo, pamoja na wawakilishi wawili wa wavuvi wa kila kijiji cha ziwa na wanawake wawili wa wanaoanika chisense, kwa kuwa hao wakisahauliwa mapatano yatakuwa nusu. Halmashauri ya Wilaya ya Nchelenge nimeipelekea nakala ya barua hii, nikiomba itupe mchanga na mtu wa kusawazisha kipande kile cha ardhi ambacho watoto hukichezea, kwa maana goli la upande wa ziwa hujaa maji kila mvua inyeshapo. Mwenye chombo asiyeweza kufika na amtume mwanawe mkubwa au msimamizi wake, akiwa na ruhusa ya kusema ndiyo au hapana. Mkutano ukiisha mapema, saa kumi watoto wa chini ya miaka 12 wana mechi, nanyi mnakaribishwa.

Wenu katika heshima na kazi,

Mzazi na mnunuzi wa samaki, Kashikishi